Tupeane uzoefu: msamiati mzito wa Kiingereza, neno moja kwa siku

Mleta mada
Wakuu, tuweke hapa mbinu za mtu anayekimudu Kiingereza cha kawaida na sasa anahitaji kile cha chuo, mahakama na ripoti. Naomba zenye hatua. "Soma sana" tumeshaisikia.

Mwalimu wa sekondari
Kwanza chagua maneno, usianze kamusi herufi A. Orodha ya maneno ya kitaaluma ya mtafiti wa lugha Averil Coxhead, ya mwaka 2000, ina familia za maneno 570 (familia ni neno pamoja na ndugu zake wa shina moja) katika mafungu kumi: tisa ya 60 na la mwisho la 30. Fungu la kwanza lina yale yanayojirudia zaidi, kama *assess*, *derive* na *indicate*, kwa hiyo faida yake utaiona mapema. Ila orodha hiyo inachukulia kwamba maneno 2,000 hivi ya kawaida tayari unayo. Ukiwa bado unababaika na *whether* na *although*, malizana nayo kwanza.

Mfasiri
Shikamoo mwalimu. Naongezea kuhusu kadi za kujifunzia, zile zenye swali mbele na jibu nyuma, maana ndipo wengi wanapoharibu. Ukiandika "*mitigate* = punguza" basi, kesho utaandika *mitigate the price*, na hakuna anayesema hivyo. Bei ni *reduce*. *Mitigate* hupunguza ukali wa jambo baya, na huandamana na *risk*, *damage*, *effects*. Kadi yake iwe hivi:

Mbele: *Farmers plant grass strips to m______ the effects of erosion.*

Nyuma: neno lenyewe, silabi yenye mkazo (MI-ti-gate), maneno matatu yanayoandamana nalo, na ndugu zake: *mitigation*, *mitigating*. Mahakamani, mshtakiwa anapoomba apunguziwe adhabu, hatua hiyo huitwa *mitigation*; ukiijua hiyo, kitenzi hakitakutoka. Andika pia onyo: *mitigate against* ni kosa, linatokana na kuchanganya na *militate against*.

Herufi ya kwanza ibaki kwenye pengo, la sivyo utajibu *reduce* na utakuwa sahihi, lakini neno hujalifanyia zoezi.

Kisha tunga sentensi moja ya kazi yako. Kama ni muuguzi, iwe ya wodini. Ya kunakili kamusi haihesabiki.

Mwanachuo
Kurudia: tumia sanduku la Leitner, mbinu ya tangu 1972 ya kugawa kadi kwenye vyumba kulingana na unavyozijua. Vyumba vitano. Kadi mpya inakaa chumba cha 1, unaipitia kila siku. Ukipata, inasogea mbele: baada ya siku 3, kisha 7, kisha 14, kisha 30. Ukikosa, inarudi cha 1, hata kama ilishafika cha 5. Programu ya Anki inakupangia yenyewe siku za kurudia kadi, kwenye simu. Kinachoua mpango ni pupa: ukiingiza maneno 20 kwa siku, baada ya wiki mbili marudio yanakuzidi na unaacha yote. Moja jipya, matatu ukiwa na nafasi.

Na jibu kwa sauti kabla ya kugeuza kadi. Kuangalia nyuma halafu kusema "aa, nilikuwa nalijua" ni kujidanganya.

Mtangazaji
Mkazo usidharauliwe. Kiswahili huuweka silabi ya pili kutoka mwisho, nasi tunauhamishia Kiingereza: tunasema hypo-THE-sis badala ya hy-PO-thesis, cate-GO-ry badala ya CA-tegory. Neno unalolijua kwa mkazo usio wake hulitambui mhadhiri anapolitamka. Kwenye kamusi nyingi, alama ya mkazo hukaa kabla ya silabi husika.

Mleta mada
Ahsanteni. Na yanayokaribiana, kama *imply* na *infer*, nijifunze pamoja?

Mfasiri
Hapana ndugu yangu, yatavurugana. Chukua *imply* kwanza: msemaji anadokeza. Likishafika chumba cha 3 bila kukosea, ndipo uingize *infer*: msikilizaji anang'amua. Hapo ndipo utengeneze kadi moja yenye mapengo mawili, yote ndani ya sentensi moja.