Nyonga imesagika akiwa na miaka 51: abadilishe sasa au asubiri?

Binti_Pangani

Wakuu, habari za muda huu. Naombeni msaada wa wanaojua mifupa na mazoezi tiba.

Mgonjwa ni mama wa miaka 51, mwalimu wa shule ya msingi huku Tanga. Kilo 84, urefu sentimita 160. Nyonga ya kulia inauma kinenani, maumivu yanashuka mpaka gotini, na usiku yanamwamsha. Hawezi kukata kucha za mguu huo wala kuinama afunge kiatu. Eksirei inaonyesha nafasi ya kiungo upande wa juu imekwisha kabisa na mfupa umeota pembeni. Anatumia diklofenaki miligramu 50 kutwa mara mbili, inakaribia mwaka sasa. Presha anayo, sukari iko mpakani.

Daktari mmoja anashauri abadilishiwe nyonga. Mwingine anasema asubiri afike 60, kwa kuwa nyonga ya bandia inaisha baada ya miaka 10. Nani yuko sahihi? Na akikubali kufanyiwa, aulize nini kabla ya kusaini?

Gegedu

Dada, hiyo hesabu ya miaka 10 imepitwa na wakati. Mwaka 2019 jarida la Lancet lilichapisha uchambuzi wa rejista za upasuaji wa viungo za Australia na Finland: katika kila nyonga 100 zilizobadilishwa, takriban 58 zilikuwa bado zinafanya kazi baada ya miaka 25. Na nyingi kati ya hizo ziliwekwa kabla plastiki ngumu ya kisasa haijaenea.

Huyo daktari wa pili ana hoja, ila ameieleza vibaya. Hoja ni kwamba mtu wa miaka 51 ana maisha marefu mbele yake. Takwimu za Uingereza za 2017 zilionyesha kwamba anayebadilishiwa baada ya miaka 70 ana uwezekano wa karibu 5 kwa 100 wa kurudi theatre maishani, wakati kwa mwanaume wa miaka ya hamsini ya mwanzo unafika hadi 35 kwa 100. Kwa wanawake ni pungufu ya hapo, lakini si mdogo. Upasuaji wa kurudia ni mgumu zaidi: mfupa umepungua, damu inapotea nyingi, hatari ya usaha inaongezeka. Kwa hiyo swali la kumuuliza ni hili: je, mazoezi, kupunguza uzito na fimbo vimejaribiwa kwa dhati kwa miezi mitatu, na bado maumivu yanamnyima usingizi? Kama jibu ni ndiyo, umri peke yake si sababu ya kumsubirisha.

Kusubiri nako kuna gharama. Misuli ya pembeni ya nyonga inasinyaa, na ikishasinyaa sana mtu anaendelea kuchechemea hata baada ya kuwekewa nyonga mpya. Kifuko cha kiungo kinakakamaa, paja linabaki limejikunja kidogo, na mgongo wa chini ndio unaobeba lawama. Halafu hiyo diklofenaki! Mwaka mzima kwa mtu mwenye presha ni hatari kwa figo, moyo na tumbo. Apime kreatinini (kipimo cha figo) wiki hii, asingoje siku ya upasuaji. Parasetamoli gramu 1, isizidi mara nne kwa siku, haina nguvu sana kwa nyonga iliyosagika, lakini ni salama zaidi wakati anapanga mambo yake.

Fimbo ashike mkono wa kushoto, yaani upande wa pili wa nyonga mbovu. Wengi wanashika upande unaouma na hawapati nafuu yoyote. Urefu wake: asimame wima na viatu, mikono ikining'inia, mpini ufike kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono.

Jambo moja lisipitwe. Katika umri huu lazima chanzo kitafutwe. Aulizwe kuhusu selimundu, pombe, na dawa za steroidi: prednisoloni ya muda mrefu, hata vile vidonge vya kunenepesha ambavyo mara nyingi ni deksamethasoni. Hizo huua kichwa cha fupa la paja kwa kukikosesha damu, na matayarisho yake ni tofauti. Mwenye selimundu anahitaji mpango wa damu, maji na oksijeni kabla ya kisu, na uwazi wa ndani ya fupa la paja huwa mwembamba. Kifua kikuu cha nyonga nacho kipo kwetu. Hapo haiwekwi nyonga ya bandia mpaka kitibiwe.

Mwenye_Nyundo

Naongezea upande wa kifaa, maana hapo ndipo wagonjwa wanasaini bila kujua wanawekewa nini.

Nyonga ya bandia ina vipande vinne: kikombe cha titani kinachopachikwa kwenye fupanyonga, bitana ya plastiki ndani ya kikombe, kichwa cha mviringo, na shina linaloingia ndani ya fupa la paja. Kwa mama wa miaka 51 mwenye mfupa mzuri, mpangilio ambao mtu hawezi kuujutia ni kikombe kisicho na saruji (yaani saruji maalumu ya kushikiza kifaa kwenye mfupa), plastiki ya kisasa iliyounganishwa nyuzi zake kwa mionzi, na kichwa cha kauri cha milimita 32 au 36. Shina laweza kuwa na saruji au lisiwe nayo, kutegemea ubora wa mfupa na uzoefu wa daktari. Saruji si kitu cha kizamani kama watu wanavyodhani. Ikipigwa vizuri inadumu.

Ukubwa wa kichwa una maana yake. John Charnley, daktari wa Uingereza aliyeanzisha nyonga bandia za kisasa, mwaka 1962 alitumia kichwa cha milimita 22. Kidogo hivyo hakisugui sana, lakini kinachomoka kirahisi. Kikubwa hakichomoki kirahisi, ila kinaifanya plastiki kuwa nyembamba. Ndiyo maana tunaishia katikati. Kichwa cha chuma juu ya kikombe cha chuma akikatae: chembe za kobalti na kromu huharibu nyama za jirani.

Maswali ya kumuuliza daktari: Unafanya nyonga ngapi kwa mwaka? Utapitia nyuma au pembeni? Umepima saizi kwenye eksirei yenye kipimo cha ukuzaji, yaani alama inayoonyesha picha imeukuza mfupa kiasi gani? Seti itakayokuja ina saizi zote, au chache tu? Na hili la mwisho ni muhimu kuliko watu wanavyofikiri: je, shina refu na waya za kufungia mfupa vipo theatre? Shina lisilo na saruji hugongwa kwa nyundo, na mara chache paja hupasuka hapo hapo. Kukiwa na waya, tatizo linamalizwa palepale. Pasipokuwa na waya, mgonjwa anaamka na matatizo mawili.

Kichwa na shina vitoke kiwanda kimoja. Vya viwanda viwili vinaweza kuonekana vinaingiana, kumbe mteremko wa shingo ya shina, pale kichwa kinapokaa, ni tofauti, na chuma kitalika taratibu.

Kila kipande kina stika yenye jina la kiwanda, saizi na namba ya toleo. Moja hubandikwa kwenye faili. Aombe nakala, aipige picha, aitunze pamoja na vyeti vyake. Miaka 20 ijayo faili laweza kuwa halionekani, na anayerudia upasuaji bila kujua kilichomo ndani hulazimika kung'oa hata kipande ambacho bado hakina shida.

Kwa fedha: adai makadirio ya maandishi yanayotenganisha kifaa, upasuaji, kitanda na dawa. Kama ni bima, kibali kitoke kabla ya kulazwa, na ioneshwe wazi kama kinagharamia kifaa au upasuaji tu.

Binti_Pangani

Asanteni sana, nimeelewa kuliko nilivyoelezwa kliniki. Sasa nyumbani: choo ni cha kuchuchumaa, kitanda ni cha chini, mlangoni kuna ngazi tatu, na shuleni anakwenda kwa bodaboda. Pia ni mtu wa swala tano. Atafanyiwa Dar kisha arudi Tanga.

Mazoezi_Tiba

Haya yote yatengenezwe kabla hajalazwa. Akisharudi, hakuna atakayeyatengeneza kwa wakati.

Kipimo cha kila kitu ni urefu kutoka sakafuni hadi mkunjo wa nyuma ya goti. Ongeza sentimita 5. Kitanda, kiti na choo visiwe chini ya hapo. Kitanda kiinuliwe kwa vigingi vya mbao vyenye tundu, si matofali yanayoteleza. Kwa choo, fundi seremala atengeneze kiti chenye tundu cha kukaa juu ya shimo: miguu iliyotanuka yenye mpira chini, na mikono pande zote mbili ya kujiinulia. Ndoo ya maji iwekwe juu ya stuli ili asiinamie sakafuni.

Akipasuliwa kwa nyuma, kwa wiki 12 za mwanzo nyonga isikunjwe kupita nyuzi 90, asikunje nne, na asigeuze mguu kwa ndani. Mwendo unaochomoa nyonga ni ule unaounganisha yote matatu: kuchuchumaa, kuokota kitu pembeni ya kiti, kukaa mkekani. Alale chali au ubavu usiopasuliwa ukiwa chini, na mto katikati ya mapaja.

Swala ataswalia kwenye kiti, na dini imempa ruhusa hiyo. Asijikunje sana kwa kusujudu, kichwa kishuke kidogo tu kuliko kwenye rukuu. Baada ya wiki 12, kupiga magoti azungumze na daktari wake. Akiruhusiwa, goti la upande uliopasuliwa litangulie chini ili nyonga ibaki imenyooka. Kikao cha tahiyatu ndicho cha kuogopa zaidi ya sijda yenyewe, maana mguu unajikunja na kugeuka kwa pamoja.

Ngazi: kupanda, mguu usiopasuliwa unatangulia. Kushuka, magongo na mguu uliopasuliwa vinatangulia. Magongo mawili wiki 4 hadi 6, kisha fimbo moja mpaka aache kuchechemea. Bodaboda asahau kwa miezi mitatu.

Mazoezi aanze sasa: kukaza kitako na kukaza paja, ahesabu hadi 5, mara 10, kutwa mara tatu. Misuli inayoamka kabla ya upasuaji huamka haraka baadaye.

Safari ya Tanga ni zaidi ya kilomita 300. Bora akae kwa ndugu Dar mpaka nyuzi zitolewe, siku ya 12 hadi 14.

Gegedu

Na matayarisho ya mwili. HbA1c (kipimo cha wastani wa sukari ya miezi mitatu) ishuke angalau chini ya 8. Damu ikiwa chini ya 12 atibiwe kwanza, na kwa umri wake waulize hedhi nzito au uvimbe wa kizazi. Jino bovu, fangasi za miguuni, kidonda chochote cha ngozi: vyote vitibiwe. Asichomwe sindano ya steroidi kwenye nyonga ndani ya miezi mitatu kabla ya upasuaji. Uzito wake haumzuii, ila kilo tano au sita zikipungua zitamsaidia.

Dawa ya kuzuia damu kuganda hutumika hadi siku 35. Ahakikishe anayo yote mkononi kabla ya kuondoka Dar. Akivimba mguu mmoja, au pumzi ikikata ghafla, ni hospitali muda huo huo.

Binti_Pangani

Akipata homa baada ya kurudi nyumbani?

Mwenye_Nyundo

Apime malaria, lakini asiishie hapo hata kikiwa chanya. Kidonda kiangaliwe. Kikiwa bado kinatoa majimaji baada ya siku saba, au kimekuwa chekundu na cha moto, arudi kwa aliyempasua. Asinunue antibayotiki famasi: dawa hiyo inaficha vijidudu, kipimo cha kuotesha kinatoka safi, na usaha unaendelea kukaa kwenye chuma. Vijidudu vikishajijengea utando juu ya kifaa, dawa haivifikii. Ndani ya wiki tatu au nne za mwanzo kidonda kinaweza kufunguliwa, kikasafishwa, plastiki na kichwa vikabadilishwa na nyonga ikaokolewa. Akichelewa, mara nyingi kifaa chote hutolewa.