Naomba ushauri: niungame kwa mjane niliyemdhulumu au mbele ya kikundi chote?

Bwana asifiwe wapendwa. Mimi ni mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wa kanisa hapa Kisumu. Wengi wetu tunauza sokoni Kibuye. Mwezi wa tatu zamu ya kupokea mchango ilikuwa ya mjane mmoja. Nikampa dada yangu zile shilingi 15,000, nikaandika daftarini kwamba mjane ameahirisha. Alipouliza nikamwambia asubiri. Akanyamaza, akarudi kupanga omena zake kwenye beseni lililo nusu tupu.

Jumapili tulisoma Kutoka 18:21, viongozi wawe watu wanaomcha Mungu na kuchukia mapato ya dhuluma. Msomaji nilikuwa mimi. Sauti ilinikatika.

Nimefunga siku tatu, na pesa nimeshazipata. Hesabu 5:7 inataka kuungama, kurudisha yote na kuongeza sehemu ya tano, yaani 3,000 juu. Mzee mmoja wa kanisa anasema nimalizane na mjane kimya kimya nisivunje kikundi. Moyo wangu unakataa, maana uongo uko kwenye daftari la wote.

Je, nianze kwake au mbele ya wote? Na uenyekiti niuache mwenyewe, au niwaachie wao waamue?