Darasa langu na darasa la nchi nyingine: wakishasalimiana, kimya. Nifanyeje?

Mwalimu_wa_Tano
Wanajamvi, salaam. Nafundisha watoto wa miaka 10 na 11. Tumeunganishwa na wenzao wa rika hilo katika nchi ya mbali. Kila tukikutana kwa video ni yaleyale: jina, umri, "sisi tunapenda mpira", "hata sisi", kisha wanabaki kutazamana. Wenzetu walituma vitabu na kalamu, nasi tukaandika barua za shukrani. Tangu hapo wanangu wamezidisha adabu, utadhani wako mbele ya mkaguzi. Lugha si tatizo, mwalimu mwenzangu anatafsiri. Nataka wazoeane kweli, si urafiki wa picha ya pamoja. Waliokwisha kufanya hili mnisaidie. Nawasilisha.

Kipimo
Mkuu, utambulisho umetosha, sasa wape kazi. Iwe kazi ambayo upande mmoja hauwezi kuimaliza bila mwingine.

Mimi hutumia kivuli. Kila darasa linasimamisha uwanjani fimbo ya mita moja, wima kwa timazi, siku ileile. Kabla ya adhuhuri wanaanza kuweka alama kwenye ncha ya kivuli kila dakika tano, hadi kianze kurefuka tena. Kilicho kifupi kuliko vyote ndiyo adhuhuri ya kweli ya mahali hapo, saa ya ukutani isiwababaishe. Wachore fimbo na kivuli kwa skeli, wapime pembe ya miali, yaani ile ya juu, kati ya fimbo na mstari unaoshuka hadi ncha ya kivuli. Kisha 360 gawanya kwa tofauti ya pembe zenu, zidisha kwa umbali wa kaskazini–kusini kati yenu. Huo ni mzingo wa dunia, kama kilomita 40,000. Eratosthenes, mwanazuoni wa Kigiriki wa kale, aliifanya hesabu hii akiwa Aleksandria, Misri, zaidi ya miaka 2,200 iliyopita.

Sasa sikia utamu wake. Kivuli chetu kilielekea kusini, cha wenzetu kaskazini. Wangu wakasema wale wameshika dira kichwa chini. Wale nao wakasema hivyohivyo. Zogo! Picha zikatumwa, fimbo zikapimwa upya, hadi binti mmoja wa upande wa pili akaleta mpira na tochi mbele ya kamera: jua lilikuwa katikati yetu, kwa hiyo pembe zinajumlishwa, hazitolewi. Baada ya hapo walianza kuulizana habari za nyumbani wenyewe, bila mimi kuwasukuma.

MamaMaktaba
Naunga mkono. Mwaka 1954 mwanasaikolojia Muzafer Sherif aliweka makundi mawili ya wavulana kwenye kambi moja Oklahoma, Marekani, akayashindanisha mpaka yakachukiana. Kuwalisha pamoja hakukusaidia, waliishia kurushiana chakula. Walilegea walipolazimika kutafuta pamoja hitilafu ya maji na kuvuta lori kwa kamba. (Kuwachonganisha watoto makusudi siungi mkono hata kidogo.)

Ila mwalimu, hizo kalamu ndizo zimekuharibia. Mwanasaikolojia mwingine, Gordon Allport, mwaka huohuo, alitaja hadhi sawa kuwa sharti la makundi kupatana. Mtoto ambaye kazi yake ni kushukuru atabishana vipi na aliyempa? Zungumza na mwalimu wa kule, zawadi zisimame muhula huu.

Jicho_la_Mzazi
Msisahau usalama. Jina la kwanza tu, barua zipitie anwani ya darasa, namba za simu zisitolewe, na pasirekodiwe chochote bila idhini ya wazazi wa pande zote mbili.

Mwalimu_wa_Tano
Asanteni sana. Suala la zawadi limeniingia, nitamwandikia leo. @Kipimo, mawingu yakitanda upande mmoja je? Tunapima kesho yake?

Kipimo
Wote mhamie kesho yake. Karibu na Machi 21 au Septemba 23 jua husogea kaskazini au kusini takriban digrii 0.4 kwa siku, na mkipima siku tofauti kosa hilo linaingia kwenye jibu. Pangeni siku tatu za akiba, na watoto wenyewe waandikiane asubuhi kuulizana kama kule kuna jua.