Mrejesho: Nimechukua WordPress kwa tovuti ya duka la mama

Wakuu, habari za siku. Mwezi uliopita niliwauliza nianze na ipi kati ya programu tatu za kujengea tovuti, WordPress, Joomla na Drupal, nitengeneze tovuti ya duka la vitenge la mama, nami sijui hata mstari mmoja wa msimbo. Asanteni sana kwa majibu.

Drupal niliiweka kando mapema. Ni imara, ila inataka fundi. Joomla niliijaribu siku mbili, menyu zake zikanichanganya.

Aliyenitahadharisha kuhusu WordPress.com na WordPress.org, Mungu akubariki. Nilidhani ni kitu kimoja! Ya kwanza wanakuhifadhia tovuti wao. Ya pili unapakua programu bure, hostingi (mahali tovuti inapohifadhiwa mtandaoni) na domeini (anwani yake) unajilipia. Nimechukua ya pili, ili siku nikitaka kuhama nihame na kila kitu changu.

Kilichonishawishi hasa ni kihariri cha vipande (unapanga ukurasa kipande kwa kipande, kama picha au maandishi), kilichokuja na toleo la 5.0 mwaka 2018. Jumamosi mama alikaa mwenyewe kwenye kompyuta: akaweka picha ya doti mpya, akaandika bei chini yake, akabonyeza Chapisha. Nilisimama nyuma ya kiti chake bila kugusa kipanya. Nilifurahi mno.

Mwanzoni kurasa zilifunguka polepole. Picha za simu zilikuwa na MB 5 kila moja. Nimezishusha chini ya KB 200. Plagini (programu ndogo za nyongeza) nazo nimezipunguza kutoka 14 hadi 4.

Nakala rudufu bado naipakua kwa mkono, kila Ijumaa.