Wenye kumbi Mtwara, acheni kutuzimia filamu kabla haijaisha. Tumelipia mwisho!

Wakuu, heshima kwenu. Mods, naomba uzi huu usiunganishwe na zile nyuzi za vibanda umiza, yaani vile vibanda vya kuonyeshea mpira, kwa sababu silalamikii joto wala kelele. Nalalamikia kuibiwa.

Kuna ukumbi mmoja hapa Mtwara mjini, jina silitaji, ambao msimu huu wa korosho umekuja na mambo mapya. Wamenunua projekta, wamepaka ukuta rangi nyeupe, wamebandika matangazo kuanzia Ligula hadi Magomeni: kila Jumapili saa kumi na moja jioni, filamu ya familia, njoo na mwenza wako. Kiingilio elfu tano kwa kichwa, soda juu yao. Wiki ile walitangaza Queen of Katwe. Tukalipa, mimi na mke wangu, na wenzetu wengi tu. Niliona kina mama wamejipara kama wanakwenda kwenye shughuli, niliona wazee waliokuja na bajaji kutoka Mikindani na wake zao. Filamu ya saa kumi na moja ikaanza inakaribia saa kumi na mbili. Tukavumilia. Saa moja na dakika ishirini na kitu, picha ikapotea ukutani. Dogo wa mitambo kachomoa waya wa kompyuta, kachomeka king'amuzi, na wachambuzi wa mpira wa Uingereza wakajaa ukuta mzima. Mechi ilikuwa saa moja na nusu, na watu wa mpira walishajaa mlangoni.

Mke wangu akamuuliza kwa upole kabisa, "Mwanangu, mbona umezima?"

"Mama, mpira unaanza, watu wamelipia."

"Na sisi?"

"Mama, hizi picha mwisho wake si unajulikana? Mtoto anashinda, basi."

Jibu hilo ndilo lililonifungulisha uzi huu, maana bosi wake naye alipoitwa alisema vilevile, na pesa hakurudisha.

Kwa ambao hawajaiona, samahani nawasimulia, ila lazima mjue tumekatiwa wapi. Ni filamu ya mwaka 2016, imeongozwa na Mira Nair, inahusu binti wa kweli, Phiona Mutesi, aliyekulia mtaa wa Katwe pale Kampala akiuza mahindi na mama yake, akajifunza mchezo wa chesi kwa kocha Robert Katende. Mama yake kachezwa na Lupita Nyong'o, kocha ni David Oyelowo. Filamu nzima wale watoto na mama yao wanahangaika na pa kulala. Binti anapanda, anapanda, anafika mpaka mashindano ya dunia kule Urusi, na huko anapigwa. Anarudi nyumbani kichwa chini, hataki hata kuugusa ubao wa chesi. Hapo ndipo dogo alipochomoa waya. Kwa hiyo sisi tulilipa elfu kumi, tukakodi bajaji kwenda na kurudi, tukarudi nyumbani na mtoto aliyeshindwa na mama asiye na nyumba. Sehemu ambayo binti anainuka tena, na mama anaingizwa kwenye nyumba yake mwenyewe, hatukuiona. Wala hatukuona kile ambacho kwangu ni kitamu kuliko vyote: mwisho kabisa, majina yakianza kutokea, waigizaji wanasimama mmoja mmoja pembeni ya watu halisi waliowaigiza. Lupita na mama mwenyewe. Kocha wa filamu na kocha wa Katwe. Nilishaiona zamani kwenye kompyuta ya kazini kwa vipande, na nilimwahidi mke wangu kwamba hapo atalia kwa furaha.

Mwisho unajulikana! Sasa na harusi je? Kila mtu anajua kwamba ndoa itafungwa, hakuna anayekwenda akiwa na shaka, lakini jaribu kuwatoa watu ukumbini kabla bwana harusi hajaingia uone kitakachokupata. Kujua jambo litatokea na kulishuhudia likitokea ni vitu viwili tofauti, na kiingilio tunakitoa kwa hicho cha pili.

Ndugu zangu, filamu za aina hii, zile zinazokuacha na moyo mweupe, zina utaratibu wake. Anayezitengeneza anakuumiza makusudi kwa saa nzima na zaidi, halafu anakulipa mwishoni. Ukimaliza kabla ya malipo umebaki na maumivu peke yake. Chukueni It's a Wonderful Life ya Frank Capra, ya mwaka 1946. Wamarekani wengi huitazama kila Krismasi na kuiita filamu ya kufurahisha. Lakini ukiiangalia kwa makini, sehemu kubwa yake ni habari ya mtu ambaye kila ndoto yake imezimwa, pesa za ofisi zimepotea, yuko juu ya daraja usiku wa mkesha wa Krismasi anataka kujitupa mtoni. Furaha yote tunayoisikia ipo kwenye zile dakika za mwisho, majirani wanapomiminika sebuleni kwake kila mmoja na alichonacho. Zikate hizo dakika uone kama kuna mtu atakayeiita ya kufurahisha. Au The Shawshank Redemption ya 1994. Mwongozaji wake, Frank Darabont, aliiandika iishie Red, mfungwa aliyeachiwa, akiwa kwenye basi, hajui kama atamkuta rafiki yake. Wenye pesa ndio waliomsukuma aongeze ile picha ya ufukweni wanapokutana. Yaani kuna watu walikaa kitako wakabishana, wakatoa pesa zaidi, ili mtazamaji aliyekaa na gereza zaidi ya saa mbili asiondoke bila kuwaona marafiki wale wakikutana. Halafu huku kwetu dogo anachomoa waya.

Mtaniambia nikae nyumbani niangalie zangu. Nyumbani ndiko tunakoangalia siku zote! Mke wangu ni muuguzi, zamu zake mnazijua wenyewe zilivyo. Anaona kazini mambo ambayo hayasimuliki mezani. Akirudi hataki mapanga, hataki mizimu, hataki filamu ya mtu analipiza kisasi cha mtu. Anataka kukaa kwenye mkeka, mihogo ya kukaanga katikati yetu, aone watu wanakoseana halafu wanapatana. Tulianza na vichekesho vya King Majuto, Mungu amrehemu, tangu alipofariki Agosti 2018 tumezirudia filamu zake mpaka mtoto wetu mdogo anajua ni wapi mzee atakunja uso. Baadaye tukaingia kwenye za nje. Ni ada ya nyumba yetu, na tuna sheria moja, hatunyanyuki mpaka majina yaishe. Yeye anayasoma yote. Anapenda kuona kwamba hata mpishi na dereva wameandikwa.

Lakini na nyumbani mwisho tunauwinda. Ukienda kuwekewa muvi kwenye flashi, kijana anakujazia ishirini, kumi za vita, na hizo chache ulizomwomba, nyingine inagoma ikiwa imebaki robo, faili lilikatika wakati wa kushushwa na yeye hajawahi kulifungua hata siku moja. Ukichukua iliyotafsiriwa, na hapa niseme wazi kwamba DJ wa kutafsiri, yule anayeisimulia filamu kwa Kiswahili juu ya sauti yake, ni mtu wa maana sana, mama mkwe wangu asingeifahamu hata moja bila wao, basi wakati wale wapenzi wanakumbatiana kituoni, DJ anaanza kusalimia mashabiki wake na kutaja namba ya simu. Maneno ya mwisho ya staringi huyasikii. Halafu umeme. Mkoa huu una gesi ya Mnazi Bay, bomba la kutoka Madimba mpaka Kinyerezi lilizinduliwa Oktoba 2015, na sisi tunaokaa juu ya gesi hiyo tunakaa na mshumaa filamu ikiwa imebaki dakika tano. Nani hajachoka na hili? Na Mei 2024 mnaikumbuka. Kimbunga Hidaya na mvua zake zikakata barabara ya Kilwa kule Somanga, wiki moja baadaye nyaya za intaneti za baharini zikakatika, mtandao ukawa unatambaa. Mtwara na Lindi tukabaki na flashi zetu zilizokatika.

Ndiyo maana ule ukumbi ulipofunguliwa tulifurahi kiasi kile. Mtu wa Dar hawezi kuelewa. Yeye ana Mlimani City, anakata tiketi yake, taa zinazimwa, filamu inakwenda hadi herufi ya mwisho na hakuna wa kumgusa. Sisi kuifuata sinema hiyo ni basi la alfajiri na zaidi ya kilomita mia tano za barabara. Tunaingia tukiwa tumekwenda Dar kwa jambo jingine, msiba au matibabu, na mke wangu huwa anaondoka pale na uso mwingine kabisa. Nikiwasikia wazee wanavyosimulia Avalon, Empire na Odeon, kumbi za sinema za Dar za enzi hizo, mtu na mkewe, nguo za Jumapili, naona kwamba haya mambo watu wa pwani waliyajua vizuri. Televisheni Bara ilikuja mwaka 1994, kabla ya hapo starehe ya picha ilikuwa ni kutoka nyumbani mkakae gizani pamoja na watu wengine. Kucheka na watu mia ni kitamu kuliko kucheka wawili. Hicho ndicho nilichokuwa nakinunua kwa elfu tano.

Na msinigeuzie kuwa nachukia mpira. Nina jezi ya Namungo, Ruangwa nimekwenda kuishangilia mvua ikininyeshea. Najua pia hesabu ya biashara, mtu wa mpira anakunywa bia nne na mimi nimekunywa soda iliyo ndani ya kiingilio. Sawa. Basi uza mpira. Hakuna aliyekulazimisha kubandika tangazo la filamu ya familia. Lakini ukishachukua pesa ya mtu umefunga naye mkataba, na mkataba huu ulikuwa rahisi kuutimiza kuliko yote. Urefu wa filamu umeandikwa, Queen of Katwe ni dakika 124. Ratiba ya ligi ya Uingereza inatoka wiki kadhaa kabla, na tangu wenzetu warudishe saa zao nyuma mwezi wa kumi, mechi ile ya Jumapili inaanza saa moja na nusu usiku kwetu. Anza saa kumi na moja kamili kama ulivyoandika mwenyewe, unamaliza saa moja na dakika tano, watu wanafuta machozi yao ya furaha, wanatoka, wa mpira wanaingia. Ungekula pesa zote mbili kwa halali. Badala yake umechelewa kwa uzembe wako, halafu ukatukata sisi ili kufidia.

Kilichoniuma zaidi ni namna walivyochagua nani wa kumkata. Wasingethubutu kuzima mpira dakika ya themanini ili filamu ianze, viti vingeruka. Waliangalia ukumbi wakaona kina mama, wazee, wanandoa, wakajua hawa watanyanyuka kimya. Na kweli tulinyanyuka kimya. Mama mmoja alibeba viatu vyake mkononi maana watu wa mpira walishaanza kupita miguuni kwetu kabla hatujasimama. Nimekaa vibanda umiza miaka na miaka, wanawake unaowakuta mle hawazidi vidole vya mkono mmoja. Siku ambayo wake zetu wanakuja na wanalipa wenyewe, mnawatimua ikiwa imebaki nusu saa. Mke wangu kasema harudi pale, na akisema hivyo namjua, harudi.

Nataka elfu kumi yangu. Bosi, ukisoma hapa, waliokuwepo Jumapili ile unawafahamu, wengi tulilipa kwa simu, namba zetu unazo, rudisha. Ukishindwa kurudisha, tangaza siku isiyo na mpira, Jumanne au Jumatano isiyo na michuano ya Ulaya, uonyeshe tena ile filamu kuanzia mwanzo kwa wale wale bila kiingilio, na jenereta iwe na mafuta. Na umwambie dogo asiguse waya majina yakiwa bado yanapanda.

Wadau wa Lindi, Masasi, Newala, mnafanyiwa hivi pia au ni huku kwetu tu? Na kama kuna mwenye ukumbi, hata wa shule, hata wa kanisa, hata baraza pana kule Shangani, anayeweza kuanza kwa saa aliyoitangaza na kuiacha filamu iende mpaka mwisho, aandike hapa chini siku na kiingilio. Wale wanandoa tuliotimuliwa tuna kundi letu la WhatsApp tangu usiku ule, na viti tutabeba wenyewe.