Onyo la kirusi kwa barua pepe: tuanze na njia ipi ya kulihakiki?

Karani_Mkuu
Ndugu wanajukwaa, habari za kazi. Ofisini kwetu limezuka tena lile onyo la barua pepe linalosema tusifungue ujumbe wa mwaliko, kwa kuwa ndani yake kimo kirusi cha mwenge wa Olimpiki kinachounguza diski yote ya C, na kwamba CNN na Microsoft wamethibitisha. Wenzangu wanavutana: wapo wanaotaka maneno yake yatafutwe Google, wapo wanaoamini tovuti za kampuni za antivirusi peke yake, na wengine hukimbilia VirusTotal, tovuti ya kupima faili, kwa kila jambo. Naomba mnilinganishie njia hizi.

Mzee_wa_Seva
Uzushi huo ulikuwa ukizunguka tangu mwaka 2006. Mimi huanza kwa kunakili sentensi moja isiyo ya kawaida, nikaifunga kwa alama za kunukuu na kuitafuta jinsi ilivyo, kwa sababu wasambazaji hawana tabia ya kubadilisha maneno. Mara nyingi uchambuzi wa Snopes, tovuti ya kuhakiki uvumi, hutokea juu kabisa. Kasoro yake ni kwamba onyo lililotafsiriwa kwa Kiswahili huenda lisionekane, na hapo inabidi kutafuta jina la kirusi kinachotajwa.

Bi_Rukia
Kwa jina, tovuti za kampuni za antivirusi ni bora zaidi, ingawa kirusi kimoja huweza kuitwa hivi na kampuni hii na vile na nyingine. Onyo la kweli hutaja tarehe, mifumo inayoathirika na namna ya kujikinga. La uzushi husema kirusi kimegunduliwa "jana", na hiyo jana haipiti hata likisomwa baada ya miaka kumi.

Fundi_Makame
VirusTotal, ambayo Google iliinunua mwaka 2012, hupima faili na viungo kwa kutumia makumi ya antivirusi kwa pamoja, haipimi madai. Onyo lisilo na kiambatisho wala kiungo halina cha kupimwa huko. Tena msipakie nyaraka za siri za ofisi, maana faili zinazopakiwa hufikia kampuni nyingine za usalama.

Mwl_Jongo
Naunga mkono, ila kuna mtego. Mwaka 2002 watu waliambiwa watafute faili ya jdbgmgr.exe, yenye picha ya dubu mdogo, na kuifuta upesi kwa madai kwamba ni kirusi ambacho antivirusi haikioni. Waliotafuta waliikuta kweli, kwa sababu ilikuja na Windows yenyewe, na kule kuikuta ndiko kulikowaaminisha. Kwa hiyo "nimeiona kwa macho yangu" si ushahidi hata kidogo.

Kisa cha sulfnbk.exe cha mwaka 2001 kina utata zaidi. Faili hiyo ilikuwa chombo halali cha Windows 98 cha kurejesha majina marefu ya faili, na ujumbe wa kuwataka watu waifute ulikuwa uzushi. Lakini kirusi halisi kiitwacho Magistr, kilichokuwa kikiambukiza faili za programu na kuzituma kwa barua pepe, kiliweza kuituma faili hiyohiyo ikiwa imeambukizwa. Iliyokuwa ndani ya kompyuta haikuwa na kosa, iliyofika kama kiambatisho ilistahili kushukiwa. Katika hali kama hiyo kutafuta jina hakukusaidii kitu, bali kuipima faili yenyewe.

Karani_Mkuu
Nashukuru sana, Mwalimu. Hilo la mwenge nimelikuta Snopes kama alivyosema Mzee wa Seva. Tatizo ni kwamba mkuu wa idara ameshalisambaza kwa wafanyakazi wote.

Bi_Rukia
Mwone kwanza ana kwa ana, umwonyeshe uchambuzi huo, kisha umwombe atume masahihisho yeye mwenyewe kwa walewale aliowapelekea. Masahihisho yawe ujumbe mpya wenye kiungo tu, na lile onyo lisinukuliwe chini yake, kwani atakayesoma haraka atalisambaza upya.