Kundi: Barabara ya 12 Wote

JUMATATU

[20:06] Mama Idrisa: Asalaam aleikum wote. Wakubwa shikamooni. Kama nilivyodokeza siku ya Idi, Idrisa kamaliza msahafu, juzuu zote 30, alhamdulillahi. Ustadhi kataja Jumapili hii baada ya Alasiri, hapahapa uani kwetu. Watoto wa chuoni 62, walimu 3, majirani na sie wenyewe. Mkate wa kumimina, visheti, tende, chai ya maziwa, na keki. Sikodi mtu wala siagizi mahali, nafanya kwa mikono yangu. Ila peke yangu siwezi. Kila nyumba elfu 20, na mtu mmoja wa kuja kushika kazi Jumamosi. Mwisho wa mchango Jumatano usiku.

[20:09] Mama Idrisa: [Picha]

[20:10] Mama Idrisa: Haya ndiyo mapambo. Nimekata kanga kuukuu, pembetatu 140, nimezishona kwenye utepe wa mita 22. Wanaouliza, ndiyo, ya Bi Mkubwa imo, ile ya korosho nyekundu. Ilishachanika, msinilaumu. Jina lake nimeliacha zima, litakaa juu ya mlango.

[20:31] Sefu: Mashaallah dada. Sasa keki ya rangi gani

[20:32] Mama Idrisa: Kijani na dhahabu.

[20:32] Sefu: KIJANI NA NJANO. Wananchi hao 💚💛 Mimi Mnyama siwezi kuchangia shughuli ya Yanga, nitaonekanaje kijiweni

[20:33] Zuhura: 😂😂😂

[20:33] Mama Idrisa: Sefu, nimesema dhahabu.

[20:35] Sefu: Dhahabu ni njano iliyokwenda shule

[20:36] Zuhura: 😂😂 anko jamani

[20:41] Sefu: Mwambie Idrisa avae kofia nyekundu tutoke sare

[20:44] Mama Idrisa: Kofia ni nyeupe, ya mkono, nimeianza Rajabu na leo tupo Mfunguo Pili. Juu imekwisha, ubavuni bado vitundu vya upana wa vidole vyangu viwili. Hebu turudi kwenye mchango.

[21:15] Wifi Tatu: Inshaallah

[22:40] Mama Idrisa: Wifi, hiyo inshaallah ni elfu 20 au ni inshaallah tu?

JUMANNE

[06:12] Mama Idrisa: Naona tiki za buluu 27. Majibu saba, manne ya Sefu.

[13:50] Mama Idrisa: [Picha]

[13:51] Mama Idrisa: Nimejaribu mkate wa kwanza. Hiyo ndiyo sura yake. Msicheke.

[13:52] Zuhura: Ma'mkubwa hiyo ni nini katikati

[13:52] Mama Idrisa: Shimo.

[13:53] Sefu: Umepika au umechimba

[13:58] Mama Idrisa: Mchele nililoweka tangu usiku, nikausaga laini, iliki nikatwanga mwenyewe. Kosa ni tui. Nililipasha nikalitia likiwa bado moto, likaiua hamira. Nimekaa saa mbili nasubiri uumuke, umekaa tu unaniangalia. Nikajidanganya utaumukia jikoni. Chini umeganda, kati mbichi, juu umeungua maana hii sufuria yangu ya bati ni nyepesi kama karatasi, moto wa juu ukiuzidisha kidogo tu basi.

[14:20] Ma'mdogo Rukia: Moto wa juu ndiyo unatakiwa uzidi wa chini, hujakosea hapo. Sufuria ndiyo tatizo. Mkate ule unataka sufuria nzito.

[14:21] Ma'mdogo Rukia: Na sufuria nzito ilikuwepo nyumba hii.

[14:22] Mama Idrisa: Ma'mdogo tuache.

[14:24] Ma'mdogo Rukia: Mimi sijamtaja mtu. Nasema ilikuwepo. Ikatoka siku ya arobaini ya Bi Mkubwa ikiwa imefungwa kwenye mkeka, na mimi nilikuwa nimesimama mlangoni.

[14:31] Zuhura: 👀

[14:33] Mama Idrisa: Zuhura toa macho humu. Wewe Jumamosi unakuja au huji?

[14:40] Zuhura: Nina mtihani Ijumaa saa nane, nikitoka napanda basi la jioni. Nitakuna nazi

[14:41] Mama Idrisa: Nazi 16. Ahsante mwanangu. Umeona, mtoto yuko Dar kasema. Wa Chumbageni, hapahapa Tanga, wamenyamaza.

[14:55] Sefu: Chumbageni tunatafakari

[19:18] Mama Idrisa: Mchango hadi sasa:
Mama Idrisa 20
Ma'mdogo Rukia 20
Wifi Tatu 10 (nyingine mwisho wa mwezi)
Zuhura, nazi
Sefu, maneno

[19:25] Sefu: Maneno yangu yana thamani ya elfu 15 hivi

[23:47] Mjomba Hamadi Maskati: Asalaam aleikum. Ndiyo kwanza natoka kazini. Hongera kwa Idrisa, Mungu amzidishie. Kuna mtu anashuka Dar Alhamisi, nimempa halua bakuli 2, kubwa. Nani atapokea?

JUMATANO

[06:03] Mama Idrisa: Shikamoo Mjomba. Ahsante sana. Zuhura atapokea. Zuhura?

[06:30] Mama Idrisa: Zuhura amka.

[10:15] Mama Idrisa: Sasa keki. Hii sijamwonyesha mtu, hata Baba Idrisa.

[10:15] Mama Idrisa: [Picha]

[10:18] Mama Idrisa: Nimeichora kwanza kwenye karatasi ya kaki, vipimo kamili. Ni msahafu uliofunguliwa, kurasa mbili, kila ukurasa keki ya mayai 20. Kingo kijani, pambo la dhahabu pembeni, katikati herufi za Kiarabu nitaandika kwa sukari ya unga, nimefanya mazoezi kwenye sahani siku tatu. Idrisa atakata kipande cha kwanza ampe Ustadhi. Sukari ya unga nimeshanunua kilo 4.

[10:20] Wifi Tatu: Mashaallah mashaallah 😍 wifi una mikono

[10:22] Zuhura: Ma'mkubwaaa 😍😍 (nimeamka. halua nitapokea)

[10:26] Sefu: Hapo hata mimi Simba nimekubali

[10:40] Ma'mdogo Rukia: Nzuri mwanangu. Kazi ya mkono hiyo. Ila umemuuliza mkubwa yeyote?

[10:41] Mama Idrisa: Nimuulize nini tena Ma'mdogo, keki tu.

[11:30] Shangazi Mwanaisha Muheza: Nimeingia sasa, simu ilikuwa haina chaji. Nimesoma kuanzia juu. NIMESOMA YOTE.

[11:31] Shangazi Mwanaisha Muheza: Huyo aliyesimama mlangoni siku ya arobaini aseme vilevile nani alikuwa akiichemshia maji ya kunyonyolea kuku sufuria ile mama akiwa yu hai anaumwa ndani. Mimi niliichukua kuistiri. Naisugua kwa mchanga na ndimu kila mwezi. Haijapikiwa kitu hapa kwangu.

[11:33] Ma'mdogo Rukia: Kumbe imechukuliwa. Miaka 6 tunaambiwa haijulikani ilipo.

[11:33] Shangazi Mwanaisha Muheza: Nani alisema haijulikani? Mliniuliza lini?

[11:34] Ma'mdogo Rukia: Pangani tulikuuliza.

[11:34] Shangazi Mwanaisha Muheza: Pangani usiitaje Rukia.

[11:35] Sefu: Jamani keki ni mayai 40 au nimekosea hesabu

[11:36] Wifi Tatu: 40

[11:36] Sefu: Basi kuku ndio wachangiaji wakubwa. Wamenyonyolewa na bado wanachangia

[11:37] Zuhura: ANKO 😭😂😂

[11:52] Mama Idrisa: Wakubwa zangu naomba sana. Shughuli ni ya mtoto.

[16:44] Babu Mdogo: Waaleikum salaam. Nimesomewa na huyu kijana wa dukani.

[16:51] Babu Mdogo: Msahafu haukatwi kwa kisu.

[16:58] Babu Mdogo: Na sufuria ya dada yangu isitajwe tena humu kama mali ya mnada. Dada yangu alipikia watu. Hakuipigania na mtu.

[17:20] Wifi Tatu: Tumesikia Babu 🙏

[17:21] Zuhura: Tumesikia Babu

[17:25] Sefu: Shikamoo Babu. Tumesikia

[18:02] Ma'mdogo Rukia: Sawa kaka.

[21:09] Mama Idrisa: Ujumbe huu umefutwa

[21:10] Zuhura: Ma'mkubwa nilishausoma 😬

[21:11] Mama Idrisa: Ulikuwa wa Wifi Tatu. Nawe usingesoma haraka hivyo.

[21:30] Mama Idrisa: Shikamoo Babu. Nimekuelewa. Nia yangu haikuwa mbaya, sikuwaza upande wa kisu, niliwaza tu uzuri wa kitu kikishakaa mezani. Nisamehe.

ALHAMISI

[05:40] Mama Idrisa: Sikulala. Nimewaza hivi: marufaa. Siyo msahafu, ni marufaa peke yake, kile kibao cha kuuwekea, kama kile cha mninga cha marehemu baba kilichokuwa chumbani kwa Bi Mkubwa. Keki mbili nyembamba zinapishana, rangi ya mbao, ile michongo ya pembeni natoboa kwa ncha ya mrija. Juu yake hakuna kitu. Kijani inabaki kwenye sinia tu. Babu naomba neno lako.

[08:15] Wifi Tatu: Marufaa ni wazo zuri wifi

[08:20] Sefu: Mbao ni kahawia. Hakuna timu ya kahawia. Nimetuma elfu 20 angalia simu

[08:21] Mama Idrisa: Imeingia! Elfu 15 lakini.

[08:22] Sefu: Zile 5 ni maneno

[13:00] Mama Idrisa: Babu yuko kimya. Nikande au nisikande? Marufaa yenyewe nataka niikaushe siku mbili ndiyo ichongeke. Nikichelewa leo basi tena.

[13:14] Ma'mdogo Rukia: Subiri.

[13:15] Mama Idrisa: Kimya cha Babu ni ndiyo au ni hapana?

[13:19] Ma'mdogo Rukia: Kimya cha Babu ni kimya.

[15:33] Zuhura: Halua nimepokea!! Bakuli moja lakini. Aliyeleta anasema la pili liliombwa uwanja wa ndege

[15:34] Sefu: Liliombwa na nani

[15:34] Zuhura: Hakusema

[15:35] Sefu: Tuunde tume

[15:50] Mama Idrisa: Hilo moja lisifunguliwe Zuhura. Naijua sauti yako ukiwa unatafuna hata ukiandika.

[22:20] Mama Idrisa: Nimekanda. Keki ya kwanza imetoka, imeumuka sawasawa, haijapasuka. Babu akikataa nitaikata vipande vya kawaida niwape watoto na habari ya marufaa iishe.

IJUMAA

[11:05] Mama Idrisa: Mifuko ya visheti nimeshona 70 ya khaki, kila mmoja uzi wa kijani na jina la mtoto kwa mkono. Ustadhi kaniletea orodha, wapo akina Fatma 7. Namba ya mwisho ya mkate ni 9. Kwa sufuria yangu hii ni usiku kucha na bado nitaunguza 3. Nani ana sufuria nzito ya kuazima? Yoyote. Sijataja ya mtu.

[11:06] Mama Idrisa: Narudia, yoyote.

[14:10] Baba Idrisa: Makaa nimeleta gunia 2.

[14:11] Sefu: Shemeji kumbe umo humu

[16:37] Wifi Tatu: Yangu ilipasuka mpini wifi pole

[18:55] Shangazi Mwanaisha Muheza: Kesho gari ya saa moja asubuhi kutoka huku kuna mzigo umefungwa mkeka, nitampa kondakta. Mtu awe stendi saa mbili kasorobo asichelewe. Ukishatumika urudi Jumatatu kwa gari hiyohiyo.

[18:56] Shangazi Mwanaisha Muheza: Sijasema kuna nini ndani.

[18:58] Zuhura: 👀👀

[19:02] Mama Idrisa: Shikamoo Shangazi. Ahsante sana Shangazi yangu. Wewe mwenyewe huji?

[19:40] Ma'mdogo Rukia: Urudi Jumatatu wapi?

[19:41] Mama Idrisa: Ma'mdogo nakuomba kwa jina la Mungu, baada ya Jumapili.

[20:15] Mama Idrisa: Saa mbili kasorobo mimi nitakuwa naosha mchele. Baba Idrisa yuko zamu. Nani yuko karibu na stendi?

[20:50] Mama Idrisa: Tiki za buluu 31.

[21:30] Mama Idrisa: Sefu?

[23:52] Mjomba Hamadi Maskati: Asalaam aleikum. Halua ilifika yote mawili? Na ule mchango nikumbusheni ni wa lini.